Siku tatu mjini Unguja na mke wangu: tulale wapi, jioni tukae wapi?

Mkulima wa Wete

Assalaam aleykum ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoujua mji vizuri.

Mie na mke wangu tuko Wete. Mwezi wa pili tunatimiza miaka 18 ya ndoa, inshaallah. Miaka yote hiyo mjini Unguja tumekwenda pamoja mara nne: mara mbili maziko, mara moja tulimpeleka mama hospitali ya Mnazi Mmoja, na mara moja harusi ya mpwa wangu. Mara zote tulifikia kwa dada yangu, Jang'ombe. Dada ana moyo mweupe, lakini mke wangu pale ni wifi mtu, hawezi kukaa akaangalia. Alfajiri keshaingia jikoni, usiku wa mwisho kulala ni yeye. Tukirudi Pemba amechoka kuliko alivyoondoka.

Safari hii nimeweka pembeni laki saba katika pesa za karafuu, nauli ya boti mbali. Nataka tulale hoteli, Mji Mkongwe, siku tatu, usiku mbili, na asitie mkono wake kwenye maji ya vyombo.

Hatunywi pombe, wala hatuna ugomvi na anayekunywa, ila sitaki tulale juu ya baa. Jioni nataka pahala pa kukaa wawili, tupate upepo, tuzungumze. Nyumbani tuna watoto watano, mazungumzo yetu ni ya ada za skuli tu.

Halafu kuna manunuzi. Mke wangu anashona kofia za viua, zile za vitobo vya kushonwa kwa mkono, tokea hajaolewa. Kofia moja humchukua miezi miwili, na zaidi kama kuna mvua na kiza ndani. Mtu anakuja, anazichukua, anakwenda kuziuza Unguja. Hajawahi hata siku moja kuiona kofia yake ikiwa dukani. Ameniomba jambo moja tu: nimpeleke kwenye maduka hayo.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Nimwambieje dada yangu kwamba nakuja mjini na silali kwake?

Bint Malindi

Waalaykum salaam kaka yangu. Mie nimezaliwa Malindi na mpaka leo niko hapa hapa, basi nakwambia kama ningemwambia kaka yangu wa tumbo moja.

Kwanza tarehe. Mwezi wa pili kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, na siku zake Mji Mkongwe hujaa. Chumba utakachokipata wiki nyengine kwa elfu tisini, wiki ile hukipati, au unatajiwa bei ya kukufanya urudi bandarini. Ulizia tarehe za tamasha kabla hujakata tiketi. Pia angalia Ramadhani inaangukia wapi, maana mchana migahawa mingi hufungwa na hamtafaidi.

Kulala, tafuta Malindi au Kiponda. Ukishuka boti unafika kwa miguu, wachukuzi wa bandarini waambie "ahsante, nishafika" na uendelee na njia. Huku ziko nyumba za wageni ndogo ndogo, watu wa ndani kabisa, chini hakuna baa. Shangani ndiko kwenye hoteli kubwa za pwani na ndiko baa zilikojikusanya, ingawa hata huko hoteli ya Tembo haiuzi pombe na iko ufukweni. Kulala inaweza kukushinda bei, lakini mnaweza kwenda kula chakula cha usiku mara moja tu, miguu karibu na mchanga.

Popote utakapokwenda, useme mapema kwamba nyinyi ni Wazanzibari na uulize bei ya mkaazi. Chukueni vitambulisho vyenu na cheti cha ndoa. Usikione kitu kidogo hicho cheti. Mimi na mume wangu tulitaka kulala hoteli siku moja tulipokuwa tunapakisha rangi nyumba yetu, tukakalishwa mapokezi saa nzima mpaka mwanangu alipoleta cheti mbio. Nilikuwa na wajukuu wawili wakati huo.

Na usilipe kabla hujakiona chumba. Nyumba zetu ni ndefu, ngazi za mbao zimesimama kama za kupandia mnazi. Kama mke wako magoti yanamsumbua, omba ghorofa ya kwanza. Na kama kipo kitanda cha samadari, kile cha kizamani, chukua hicho, umwambie leo ni bi harusi tena. Mwezi wa pili joto ni kali, hakikisha panka inazunguka au kiyoyozi kinafanya kazi, ukiwashe mwenyewe ukione.

Mdau wa Mbagala

Habari za kwenu. Mimi na mke wangu ni Wakristo wa Dar, tulikuja hapo mwaka juzi, na sisi bia mbili tatu za baridi tunatumia. Naweka uzoefu wetu kwa ajili ya wenzangu wa bara watakaopita hapa.

Msitegemee baa kila kona kama kwetu. Pombe Mji Mkongwe inauzwa kwenye hoteli na migahawa yenye leseni, nyingi upande wa Shangani. Sisi tulikaa kwenye baraza la juu la Africa House, ile iliyokuwa klabu ya Waingereza zamani, tukaangalia jua linazama baharini. Bei yake si ya Mbagala, kwa hiyo tulikunywa moja moja taratibu. Ukitaka muziki mpaka usiku mkubwa, hiyo ni Kendwa, Nungwi au Paje, si mjini.

Chupa isitoke nayo mtaani. Mke wangu alikuwa amevaa kaptura siku ya kwanza, mama mmoja mtu mzima akamwita pembeni kwa upole akamfunga kanga yake mwenyewe kiunoni, akamwambia airudishe kesho. Tuliirudisha na mkate wa kumimina tulionunua Darajani, na hapo tukakaribishwa chai. Ndiyo jioni yetu iliyokuwa nzuri kuliko zote, na haikuwa na bia.

Kaka wa Wete, Forodhani, ile bustani ya pwani ya vyakula vya jioni, usiikose. Nenda kabla ya magharibi muwaone vijana wanavyoruka makachu, wanajirusha baharini kutoka ukutani.

Bint Malindi

Kweli, Forodhani. Ila kaka yangu, kabla hujala uliza bei ya kila kitu, hasa kwenye meza zenye pweza na kamba waliopangwa kwa taa. Urojo na juisi ya miwa havina shida. Jaws Corner kahawa yake ni nzuri, lakini pale ni baraza ya wanaume, bao na siasa. Mke wako atakaa ubavuni hana la kusema. Mchukulie kahawa na kashata mkakae ukuta wa Forodhani.

Kanga nunueni Mchangani, si Gizenga. Gizenga wanauza kwa macho ya mgeni. Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa ajili ya sala, mzipange saa zenu. Lakini kwa zile kofia nendeni Gizenga na Hurumzi, ndiko zinakotundikwa. Na Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho, msiihesabu kwenye matembezi ya ndani, tangu sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020.

Mzee wa Vuga

Mwanangu wa Wete, hoteli wameshakueleza. Mie nakujibu la dada.

Usimfiche. Unguja ni ndogo. Utapanda daladala utakutana na jirani yake, na habari itamfika kabla ya magharibi, tena imeshavishwa nguo. Mpigie wewe, usimtumie ujumbe, na usimpe mkeo simu aseme yeye. Akisema mkeo itakuwa wifi ndiye aliyekataa nyumba. Mwambie: "Dada, nataka kumpumzisha mke wangu siku mbili, halafu siku ya tatu tunakuja kwako kula mchana." Mchukulie halua ya Wete, ya bakuli, si ya kipande. Atanuna jioni moja. Dada aliyekulea hanuni mbili.

Na kama mkeo anapenda taarab, muulize mwenyeji wenu kuhusu kikundi cha Ikhwani Safaa hapo Malindi. Wapo tangu 1905. Ukipita jioni ukasikia fidla, simameni.

Mkulima wa Wete

Nimewasoma nyote, Mungu akulipeni. Nimempigia dada jana usiku. Alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza: "Hoteli hiyo chai ya asubuhi wanampa?" Nikamwambia wanampa. Akasema basi sawa, ila Jumapili mchana anapika yeye, na mke wangu akiingia jikoni atamtoa kwa mwiko.

Tumesogeza safari baada ya tamasha. Nitarudi kuwapa habari.

Mkulima wa Wete

Ndugu zangu, tumerudi juzi, alhamdulillah.

Boti ilitikisika kidogo tukipita Nungwi, alikuwa na ndimu yake mkononi, hakutapika. Chumba tulipata Kiponda, ghorofa ya kwanza, elfu themanini na tano kwa siku kwa bei ya mkaazi, chai ya asubuhi ndani. Cheti tuliulizwa kweli. Bint Malindi, nilipokitoa mfukoni mke wangu alicheka mpaka wa mapokezi naye akacheka. Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akasali, akakaa kitandani hajui afanye nini. Nikamwambia lala. Akalala mpaka saa tatu. Sijawahi kumuona amelala saa tatu mchana akiwa hana homa.

Sasa kofia. Duka la tatu Hurumzi tulizikuta zimepangwa kwenye vibao. Aliishika moja, akapitisha ukucha kwenye vitobo kimoja kimoja, akaigeuza ndani nje. Akairudisha: "Hii mashine." Akachukua nyengine, akaigeuza, akakaa nayo muda. Haikuwa yake, lakini ni mkono wa mtu, upande wa ndani umetulia kama wa nje. Akauliza bei. Laki moja na thelathini. Yeye huko nyumbani humuuzia yule mtu kwa elfu hamsini na tano.

Hakusema kitu mpaka tulipofika Forodhani. Mie nilikuwa najuta kumleta. Tumekula urojo nusu, akaniambia turudi dukani kesho kabla ya kwenda kwa dada. Tukarudi. Alinivua ile kofia niliyovaa mimi kichwani, ya kwake, aliyonishonea Iddi, akamuwekea mwenye duka juu ya meza bila ya maneno. Yule mzee akavaa miwani, akaigeuza, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga.

Nimerudi Pemba kichwa wazi. Kofia imebaki pale kwa elfu tisini, na ametakiwa alete mbili nyengine kabla ya Iddi Kubwa, inchi 22 na inchi 22 na nusu. Leo amenituma Chake kununua bafta, kitambaa cha kushonea.