Naomba ushauri: nihame Kibi niende Izumo?

Kigae_Chekundu: Wakuu habari za usiku. Niko Okayama hapa Japani nasoma masters ya akiolojia, tasnifu yangu ni ya Kibi, moja ya majimbo ya zamani kabla mikoa ya sasa haijaanza 1871. Kibi ilikuwa na nguvu mpaka serikali ikaikata vipande, Bizen, Bitchu na Bingo, halafu 713 Mimasaka nayo ikamegwa kutoka Bizen. Sasa nataka kubadili mada niandike juu ya Izumo, jimbo jingine la zamani, kule wana maelezo ya jimbo lao yaliyoandikwa 733 na yamebaki karibu yote, halafu pale Kojindani mwaka 1984 zilifukuliwa panga za shaba 358. Imebaki miezi minne nikabidhi tasnifu. Profesa atanielewa kweli?

MamaTanga: Mwanangu profesa ni mzazi, ongea naye. Mimi nilibadili kozi mwaka wa pili baba akaninunia mpaka mahafali, leo nauza vitenge na ada za wadogo zangu nimelipa mimi.

Dogo_Janja77: Panga 358 shimo moja?? Walikuwa wanamsubiri nani 😂

Mzee wa Kona: Kuna kitu unaficha. Miezi minne mtu haachi mada hivi hivi.

Kigae_Chekundu: Haya. Mwezi jana tulipanda kaburi la kale la Tsukuriyama hapa hapa Kibi, ni kilima cha kutengenezwa, kina urefu kama mita 350, mvua ilikuwa imenyesha njia imechimbika, nikaona kigae kimechungulia, chekundu, kina mistari kama kimepitishwa kitana kikiwa kibichi. Kipande cha haniwa, yale magudulia ya udongo waliyokuwa wanayapanga juu ya makaburi. Nikakitia mfukoni. Juzi profesa kaona picha kwenye simu yangu, nikamwambia nilikiacha pale pale. Ila jamani kingeharibika tu, na tiketi ya Dar nishakata, kiko ndani ya soksi.

Mzee wa Kona: Kimekaa ardhini miaka 1,500 na ushei, kije kuharibika wiki hii? Lile eneo linalindwa kisheria tangu 1921. Kitu cha hivyo unapeleka polisi kama mali iliyookotwa, wataalamu wanakikagua. Na ukishakitoa mahali pake bila kupima, hicho ni kokoto tu.

Ustadhi_Pangani: Kaburi la mtu hilo. Huku kwetu ukibeba kitu makaburini hulali.

Sindano: Hii chai. Makaburi makubwa ya Japani yako chini ya ofisi ya mfalme, hakuna kukanyaga. Wewe umepandaje?

Kigae_Chekundu: Hayo ni yanayohesabiwa ya kifalme, hili halimo, watu wanapanda bure. Sehemu ya mbele kuna kahekalu na jeneza la jiwe lililochimbwa kama hori la ng'ombe, jiwe lenyewe la Aso, kule Kyushu.

Sindano: Weka picha ya kigae.

Kigae_Chekundu: Nimeifuta jana.

Sindano: Chai ya tangawizi 😂😂

Kigae_Chekundu: Rudini kwenye swali basi, Kibi au Izumo?

Dogo_Janja77: Popote, ila soksi iache.

MamaTanga: Na profesa umeshampigia au bado?