Tupeane uzoefu: masjala za huku kwetu, mwenye wilchea anafikaje kwenye majalada?

Mnyanyembe wa Ipuli: Wakuu habari za jioni. Leo nimeingia ofisi moja hapa Tabora mjini kufuatilia barua ya kiwanja, kijana wa masjala yuko kwenye wilchea, kazi anaijua haswa, ukimtajia jina tu anakwambia liko kabati gani droo gani, ila kulitoa hawezi maana katikati wamepanga maboksi ya majalada yaliyofungwa mpaka njia imekwisha, inabidi amwite mhudumu. Imeniuma sana. Mliofanya kazi masjala kwenu mlifanyaje?

Binti Katubuka: Hayo maboksi jamani! Kila ofisi yapo.

Karani Mstaafu: Nimesomea kumbukumbu pale Chuo cha Utumishi wa Umma Tabora. Njia iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi, na mahali pa kugeuzia wilchea 150 kwa 150. Wengi wanapima droo zikiwa zimefungwa, hapo ndipo wanapokosea, droo ikivutwa inakula sentimita 60 nzima, njia inabaki ya paka.

Mama Shukuru, Gungu: Umenikumbusha mbali kaka. Mimi ni wa wilchea, nilikuwa masjala ya ofisi moja hapa Kigoma, sitaitaja. Kabati droo nne, zile za juu zimeshindiliwa, ya chini kabisa tupu eti mafaili ya chini yanapata unyevu. Siku hiyo mwenzangu kafungua ya juu kabisa kanitolea faili kaiacha wazi akaenda kunywa chai, mi nikavuta inayofuata, nikaona kabati linainama linakuja kwangu aisee! Mtu mwenye miguu anaruka pembeni, mimi breki nimefunga, nyuma shelfu, naruka wapi? Likaangukia mikono ya wilchea, ndiyo iliyonisalimisha, droo ikanibana mapajani, na mvua ile ya Kigoma inapiga bati, napiga kelele hakuna anayesikia, mpaka mlinzi alipokuja kuulizia funguo. Baada ya hapo ndio wakalifunga ukutani kwa skrubu.

Binti Katubuka: Mungu wangu, pole dada. Uliumia?

Mama Shukuru, Gungu: Michubuko na hofu. Mpaka leo sifungui droo mbili kwa mpigo.

Dogo wa TEHAMA: Poleni, ila suluhisho ni moja, skani kila kitu, mtu anafungua jalada kwenye kompyuta, habari ya makabati kwisha.

Karani Mstaafu: Mdogo wangu, majalada ya viwanja ya miaka ya 70 nani anayaskani wiki hii? Na huyo kijana afanye nini wakati anasubiri?

Dogo wa TEHAMA: Sijasema wiki hii mzee, nasema tuanze.

Karani Mstaafu: Tuanze na maboksi basi.

Mha wa Kibirizi: Shusheni tu mafaili yote droo za chini, yaishe.

Mama Shukuru, Gungu: Hapana kaka yangu! Kuinamia droo ya chini ukiwa umekaa, unaweza kwenda na kichwa mbele. Yanayotumika kila siku yakae kati ya magoti na mabega, chini weka mazito yasiyoguswa, ndo kabati halipinduki.

Mwanasheria Mtaani: Msisahau Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, mwajiri mwenye watu 20 na zaidi, asilimia 3 wawe wenye ulemavu. Sasa unamwajiri halafu unamzibia njia, hiyo ajira gani?

Binti Katubuka: Hapo umemaliza.

Mnyanyembe wa Ipuli: Asanteni wakuu, narudi huko kuchukua barua yangu, nitaomba kumwona bosi wao nimwambie kuhusu maboksi na hizo skrubu. Mlangoni kuna kizingiti pia, kama sentimita 10.

Karani Mstaafu: Kizingiti hicho kinataka mteremko wa urefu wa sentimita 120, moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda, kumi na mbili za kwenda mbele. Wasimwekee kipande cha ubao kimesimama kama ngazi ya kupandia mwembe, atarudi kinyumenyume.

Mama Shukuru, Gungu: Na mwulize mwenyewe kijana kwanza kabla hujaenda kwa bosi.