Mtoto kaniuliza mjomba wake anachimbaje Tanzanite, namwelezaje?

MamaIvy_Sakina: Habari zenu wapendwa. Binti yangu yuko darasa la tatu, juzi mjomba wake katoka Mererani kapitiliza hadi kwangu hata kuoga hajaoga, uso mweusi tii unang'aa, mtoto akamgusa shavu akaangalia kidole chake afu akaniuliza mama anko anafanya nini huko chini, kwanini asiokote tu mawe ya juu mbona yapo mengi? Nikakosa jibu. Nimekulia hapahapa Arusha, madalali wa mawe nawaona kila siku mjini ila mgodini sijawahi kukanyaga. Nisaidieni jamani.

mwanaapolo_mstaafu: Dada anza na huo weusi. Mpe penseli asugue karatasi kwa nguvu afu apitishe kidole, ataona ni uleule wa shavu la mjomba. Yanaitwa madini ya kinywe, ndo risasi ya penseli hiyo, na Tanzanite ya Mererani imelala kwenye miamba yenye kinywe kwahiyo ukishuka lazima upande mweusi. Mwambie hayo mawe ya juu ni mawe ya kawaida tu, Tanzanite inafuata mkanda wa mwamba unaozama chini, mchimbaji anaufuata na ngazi na kamba, wanatoboa, wanalipua na baruti, wanasubiri moshi uishe, ndo wanajaza kifusi kwenye viroba kinavutwa juu kuchekechwa. Kule chini ni joto na hewa inapelekwa kwa mpira kutoka kwenye kompresa, ikizima watu wanatoka mbio. Lingine, mwambie watoto hawaingii. Mimi niliingizwa nina miaka 13, tulikuwa tunaitwa nyoka sababu tunapenya vitundu ambavyo mkubwa hapiti, tunalipwa chakula tu, na mvua za 1998 maji yalipoingia migodini walikufa watu wengi sana. Mtoto wako ajue hilo, sheria inakataza chini ya miaka 18.

Ticha_Moshi: Pole sana kaka, na asante kwa kulisema. Mama Ivy, mimi darasani natumia kashata ya karanga. Kila mtoto na kijiti chake, atoe karanga nzima bila kuivunja, dakika mbili tu wanaelewa kwanini mchimbaji anahangaika na mwamba mkubwa apate kajiwe kadogo, na kwanini baruti ikizidi jiwe linapasuka bei inaisha. Afu wazungushe macho humo darasani, bati la juu, misumari ya dawati, waya wa umeme, simu ya mwalimu, vyote vilianza kama mawe ardhini, chuma kule, shaba kule. Hapo ndo wanashtuka.

MamaIvy_Sakina: Nimerudi, nimefanya vyote viwili. Karanga kapata 11 nzima, nne zimevunjika, kalia kidogo kwa hizo nne. Sasa kaangalia sahani imejaa vipande vya sukari kaniuliza, mama na haya makombo wanayaweka wapi?

mwanaapolo_mstaafu: Huyo kauliza swali kubwa. Yanamwagwa pembeni mwa mgodi, yakirundikana miaka yanakuwa vilima kabisa, na wapo kina mama wanashinda juani wanachekecha tena hayohayo makombo kutafuta vijiwe vilivyosahaulika.

MamaIvy_Sakina: Nimemsomea. Amerudi kwenye sahani anatafuta.