CTPA: ateri ya mapafu hafifu, aorta inang'aa. Niongeze dawa?

mionzi_zamu
Wakuu, kuna picha za CTPA (CT ya ateri za mapafu ya kutafuta bonge la damu) zinanirudia hivi: vena kava ya juu (mshipa unaoleta damu ya mikono na kichwa moyoni) inawaka kupita kiasi, shina la ateri ya mapafu lina HU (kipimo cha mng'ao kwenye CT) 150 tu, halafu aorta ina 280. Matawi ya chini ya ateri hiyo yana weusi pande zote mbili, msomaji anashindwa kusema kama ni bonge la damu. Dawa ya kung'arisha mishipa ni ya miligramu 350 za ayodini kwa ml, naweka ml 70 kwa kasi ya ml 4 kwa sekunde, kanula ya kijani mkono wa kulia, kisha saline (maji ya chumvi) ml 40. Mashine inaanza HU zikifika 120 kwenye shina la ateri ya mapafu. Mgonjwa anaambiwa avute pumzi ndefu, aishikilie. Niongeze dawa au kasi?

kanula18
Usiongeze chochote kwanza. Tatizo liko kwenye "pumzi ndefu". Mtu akivuta pumzi kwa nguvu, shinikizo la kifuani linashuka na damu ya tumboni, ambayo haina dawa, inafyonzwa kwa wingi kupitia vena kava ya chini. Inaingia upande wa kulia wa moyo na kuikatisha dawa inayotoka mkononi. Kwa sekunde chache ateri za mapafu zinabeba damu tupu, wakati dawa iliyotangulia imeshavuka kwenda kushoto. Ndiyo maana unapata mwanga kwenye vena kava, hafifu kwenye ateri ya mapafu, mwanga kwenye aorta. Ungekuwa umechelewa tu kupiga picha, vena kava ya juu nayo ingekuwa inafifia kwa ile saline.

Mwambie avute pumzi ya kawaida, asimame hapo hapo, asikaze tumbo. Mfanyishe mazoezi kabla ya kuweka dawa, maana mgonjwa aliyeshtuliwa na joto la dawa hufanya anachojua yeye. Acha sekunde 5 hivi kati ya kufika kizingiti cha HU 120 na picha ili maelekezo yamfikie. Piga kutoka chini kwenda juu: sehemu za chini ndizo zinazotikisika zaidi pumzi ikimshinda. Kwa mgonjwa asiye mnene shusha volti za mashine hadi kV 100; ayodini itang'aa zaidi kwa dawa ile ile. Wajawazito wanapatwa na hili mara nyingi zaidi, hao usiwaambie neno "vuta" kabisa.

msomaji_kifua
Kwa upande wa kusoma: weusi wa mtiririko (wa damu isiyo na dawa) hauna ukingo. Unafifia polepole, tena mara nyingi pande zote mbili kwa usawa ule ule. Bonge lina ukingo mkali na unaliona kwenye vipande kadhaa mfululizo. Fungua dirisha (mpangilio wa weusi na weupe wa picha), upana 700 na kitovu 100. Dirisha la kawaida la mediastino (sehemu ya kati ya kifua) hufanya dawa nzito ifunike bonge dogo. Kisha fuata mshipa hadi mwanzo wake. Ateri inaandamana na bronkasi (njia ya hewa), vena inaishia atriamu (chumba cha juu cha moyo) ya kushoto. Makosa mengi ya "bonge" ni vena ambayo dawa haijaijaza, au bronkasi iliyojaa kamasi.

Ukilipata kweli, angalia umri wake. Bonge jipya hukaa katikati au hutanua mshipa. La zamani hung'ang'ania ukuta, mshipa husinyaa, na huacha nyuzi ndani yake. Halafu pima upana wa ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia dhidi ya ya kushoto. Uwiano ukizidi 1, mpigie simu daktari aliyemtuma, usisubiri ripoti ichapwe.

mionzi_zamu
Nimeelewa. Na aorta ikiwahi kung'aa hata kwa aliyevuta pumzi kidogo?

msomaji_kifua
Hapo fikiria njia ya mkato, yaani damu inavuka kutoka kulia kwenda kushoto bila kupitia mishipa midogo ya mapafu. Omba eko ya moyo (ultrasound) yenye viputo vinavyodungwa kwenye vena: vikionekana upande wa kushoto wa moyo ndani ya mapigo 3 ya kwanza, kuna uwezekano wa tundu kati ya atriamu mbili, vikichelewa zaidi ya hapo, tafuta muungano wa ateri na vena ndani ya pafu. Huo unaonekana hata kwa CT isiyo na dawa ya vipande vya mm 1. Pima ateri inayoulisha. Kuanzia mm 2 hadi 3 huzungumziwa kuzibwa.

kanula18
Na mgonjwa wa aina hiyo, toa hewa yote kwenye mrija kabla ya kusukuma. Kiputo ambacho mapafu yangekizuia kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye ubongo.