Trekta dogo la kutunzia eneo: nianze na vifaa gani?

Mwenye Eneo

Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Nina ekari 9 tulizoachiwa na baba. Kama 2 ni nyasi za kuzunguka nyumba, 5 zimeshika vichaka na majani yanayonifika kiunoni, zilizobaki ni miti. Kutoka getini hadi nyumbani kuna njia ya changarawe ya mita 300, na kila mvua ikinyesha maji yanachimba mifereji katikati. Mwaka wa nne huu nafyeka kwa mkono na kujaza mashimo kwa toroli. Nikimaliza upande mmoja, nilikoanzia kumeshaota tena. Mgongo umechoka.

Nimepata trekta dogo la nguvu ya farasi 25, linavuta magurudumu yote manne. Muuzaji ananipa seti nzima: loda ya mbele (ndoo ya kubebea), slasha ya kufyekea ya upana wa sentimita 180, rotaveta ya kusagia udongo, plau na keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo. Anasema nikichukua vyote kwa pamoja napata nafuu kubwa. Bustani ya mboga ninayo, ila ni ndogo, hatua ishirini kwa kumi. Nichukue seti? Na gia za haidrostatiki, zile za kukanyaga pedali tu bila klachi, ni za lazima, au gia za kawaida zinatosha?

Mzee wa Girisi

Ndugu yangu, seti usiichukue. Nilichukua kama hiyo mwaka wangu wa kwanza. Plau niliifunga mara mbili tu, ikabaki nyuma ya banda mpaka magugu yakaifunika. Hela ile ingeninunulia kifaa nilichokihitaji kila mwezi, nacho kwenye seti hakikuwemo: bledi ya boksi ya kusawazishia njia.

Tuanze na slasha, maana hapo unaingizwa hasara. Farasi 25 ni za injini. Zinazofika kwenye PTO, ule mhimili wa nyuma unaozungusha vifaa, ni pungufu, kwa matrekta ya ukubwa huo mara nyingi ni 18 hadi 20. Kwa vichaka mimi hupiga hesabu ya farasi 5 za PTO kwa kila sentimita 30 za upana wa slasha. Ya sentimita 180 inadai farasi 30, na huna. Ukiingia nayo kwenye majani ya kiunoni injini itazama, utabaki kusimama na kurudi nyuma, kusimama na kurudi nyuma. Chukua ya sentimita 120. Utapiga mizunguko zaidi, lakini kila mzunguko utakuwa umekata.

Sasa njia yako, ambayo naona ndiyo inayokula mwili wako zaidi. Kujaza mashimo kwa toroli hakutaisha, kwa sababu changarawe mpya inakaa juu ya shimo gumu na mvua inayofuata inaizoa. Lazima uichimbue njia yote hadi chini ya kina cha mashimo, ndipo uisambaze upya. Bledi ya boksi ina meno kwa mbele. Yateremshe, fupisha ule mkono wa juu wa kiungio cha nyuma kinachoshika kifaa ili boksi liiname mbele, na yatachimba. Ikishalegea, pandisha meno, refusha mkono wa juu, sasa boksi linalaza. Acha katikati pawe juu kuliko pembeni. Kwa njia ya upana wa mita 3, katikati ikizidi kingo kwa sentimita 6 maji yanateremka pande zote mbili na mifereji haipati pa kuanzia. Njia yangu ilinichukua siku mbili mara ya kwanza. Siku hizi nairekebisha asubuhi moja baada ya msimu wa mvua.

Loda chukua bila kusita, ila usiitumie hata siku moja bila uzito nyuma. Nilibeba mawe kwenye ndoo, nyuma hakuna kitu, ndoo nimeiinua usawa wa kifua. Gurudumu moja la mbele likaingia kwenye shimo la panya, na la nyuma upande wa pili likaacha ardhi. Nilishusha ndoo haraka na trekta likarudi chini. Nilizima injini nikakaa kwenye kiti muda mrefu, nawawaza wanangu. Tangu siku hiyo bledi au slasha iko nyuma kila ninapobeba, ndoo naipitisha karibu na ardhi, fremu ya kinga imesimama na mkanda nimefunga.

Rotaveta kwa bustani ya hatua ishirini kwa kumi? Kodi siku moja kwa mwaka.

Fundi wa Haidroliki

Mzee kamaliza mengi. Naongeza la gia, maana hapo hajagusa. Kwa kazi zako haidrostatiki inalipa. Kwenye loda unakwenda mbele na kurudi mara mia kwa siku, na mguu wa klachi utaujua jioni. Anayelima mistari mirefu ndiye namshauri gia za kawaida, hazipotezi nguvu nyingi kama haidrostatiki na ni rahisi kutengeneza.

Kama trekta limetumika, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini mwenyewe. Ukiikuta ya moto, ahirisha, kwa sababu injini mbovu hujificha ikiwa imeshapashwa. Inua ndoo yenye mzigo, zima, subiri dakika kumi uone inashuka kiasi gani. Shika ndoo uitikise, uangalie pini zimelika vipi.

Na shafti ya PTO: usikubali isiyo na kava. Kwa mizunguko 540 kwa dakika inazunguka mara 9 kwa sekunde. Ikikamata shati huna muda wa kulivua. Zima injini kabla hujashuka kwenda kuigusa, hata kama ni jani moja tu limenasa.

Mwenye Eneo

Nawashukuru sana, wakuu. Leo nimerudi kwa muuzaji. Plau, rotaveta na keekee nimevikataa, amekubali kubadilisha slasha kuwa ya sentimita 120. Bledi ya boksi anayo ya 120 na ya 150. Nichukue ipi? Ya 120 ni nyepesi.

Mzee wa Girisi

Pima matairi ya nyuma, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Bledi lazima iyapite, la sivyo tairi litakanyaga ulipotoka kulaza.

Mwenye Eneo

Sentimita 138. Nachukua ya 150.

Fundi wa Haidroliki

Sawa kabisa. Ukishaifunga slasha, kabla ya kuwasha PTO inua na ushushe mikono ya nyuma inayobeba kifaa taratibu huku ukitazama shafti. Ikigonga mwisho, ni ndefu, ikatwe. Na hata inapovutika zaidi, mabomba mawili ya shafti yabaki yameingiliana angalau theluthi moja.