Naomba ushauri: jina la Yesu limegeuzwa tusi kazini

Bwana asifiwe, wapendwa. Mimi ni kinyozi hapa Kondele, Kisumu. Ninayenyoa naye ni mkubwa wangu kwa umri, na ndiye aliyenifunza kushika mashine. Ni mtu mzuri, mteja akikosa pesa humnyoa tu. Lakini stima ikipotea, au timu yake ya mpira, Gor Mahia, wakifungwa, jina la Yesu humtoka likifuatwa na tusi la nguoni. Wateja wakicheka, anaongeza.

Amri ya Kutoka 20:7, kwamba tusilitaje bure jina la Bwana, anaijua vizuri. Jumapili hufika kanisani kabla yangu!

Mwenzetu mmoja alimkemea mbele ya watu, ikawa mzaha, na siku hizi akimwona huyo ndipo anazidisha makusudi. Mimi huomba kimoyomoyo, ila naona kunyamaza kwangu kunafanana na kukubali.

Mathayo 18:15 inasema nimwendee tukiwa wawili tu. Sawa, lakini pale ni ndugu aliyekukosea wewe, na hapa anayekosewa ni Mungu. Halafu mdogo anamwanzaje mkubwa wake bila kuonekana anajifanya mtakatifu?

Mliowahi kumwambia mtu kazini, mlianzaje? Nimngoje jioni tukifunga, au asubuhi kabla wateja hawajaingia?