Kariakoo na mama mwenye presha: tule wapi, tunywe wapi?

Binti Songea

Habari zenu wakuu. Wiki ijayo nashuka Dar kuchukua mzigo wa vitenge na kanga, na safari hii nakuja na mama yangu mzazi. Ana miaka 67 na hajawahi kukanyaga Kariakoo. Mwaka wa sita huu ananisikia naisimulia, sasa amesema lazima aione kwa macho yake. Tutalala gesti karibu na Mtaa wa Msimbazi, siku tatu.

Nikiwa peke yangu nakula chipsi mayai nimesimama, siku inapita. Kwa mama siwezi. Ana presha, daktari amempunguzia chumvi na mafuta, na yeye ni mtu wa ugali na mboga za majani. Ukimkalisha mahali pa kisu na uma hali. Miguu nayo si ya kutembea mbali. Wenyeji naomba mnielekeze: asubuhi wapi, mchana wapi, na jioni tukae wapi tunywe kitu tukitazama watu? Sitaki kumfungia chumbani.

Mtoto wa Gerezani

Dada karibu sana. Kariakoo bila supu hujafika. Amkeni mapema, saa kumi na mbili supu ya kongoro iko tayari, ndimu, pilipili, chapati mbili za moto, mnashiba mpaka saa nane. Jioni tafuteni pweza, wanaanza kupanga meza jua likishuka. Supu yake wanakupa kwenye kikombe.

Fundi wa Mkunguni

Dada, mpe mama shikamoo yangu. Nina cherehani barazani Mtaa wa Mkunguni tangu 2006, na karibu chakula changu chote cha mchana nimekula humu humu mitaani. Sitakutajia majina ya hoteli, kwa sababu wanaonilisha hawana mabango. Nitakueleza kwa saa, maana Kariakoo chakula kinakwenda na saa. Benchi uliloliona na supu alfajiri, saa sita lina wali, na magharibi hapo hapo kuna mtu anapepea mkaa wa mishikaki. Mgeni akikosea saa anasema Kariakoo hakuna chakula.

Supu aliyoisema ndugu yangu hapo juu ni tamu, mimi mwenyewe naifuata kila Ijumaa. Kwa mwenye presha siipendekezi. Chumvi imeshaingia sufuriani tangu usiku, huwezi kuitoa, na mafuta yanaelea juu. Mama mtafutie vya kuchemsha. Kuanzia saa kumi na mbili mpaka kama saa tatu wapo akina mama wenye mabeseni yaliyofunikwa kwa kitambaa na nailoni, ndani kuna magimbi, viazi vitamu na mihogo, bado vinatoa moshi. Mihogo wengi huitia chumvi, kwa hiyo uliza. Viazi vitamu mara nyingi ni maji matupu. Chai ya rangi yenye tangawizi iko hapo hapo, mwambie asitie sukari mpaka umwambie. Ukifika saa nne utakuta beseni tupu na yule mama anahesabu hela zake.

Mchana ndio wenye kazi, na hapa nisome vizuri.

Baba yangu naye alikuwa na presha. Mwaka 2014 alikaa kwangu miezi minne akihudhuria kliniki, na mchana alikuja kukaa nami barazani. Siku za mwanzo nilimnunulia wali maharage kama wangu, jioni kichwa kinamgonga. Aliyeligundua ni mama lishe wangu. Aliniuliza, "Mbona mzee hamalizi sahani?" Nikamweleza. Kesho yake nilikuta kisufuria pembeni ya jiko, ndani yake matembele aliyoyapunguza kabla hajatia chumvi kwenye sufuria kubwa, na samaki mmoja aliyemweka juu ya makaa badala ya kumtumbukiza kwenye mafuta. Bei ilikuwa ile ile. Hakuna siku aliyosahau kwa miezi yote minne. Baba alirudi Tanga, na kila nikimpigia simu alianza kwa kumuulizia "mwanangu wa kisufuria". Amefariki akiwa bado anamuulizia.

Kwa hiyo fanya hivi. Usiende kwa mama lishe saa saba ukiwa na njaa na yeye ana watu kumi wamemnyooshea sahani. Pita saa nne asubuhi, jiko ndiyo kwanza linakolea, msalimie, mtambulishe mama, mwambie "naomba mboga ya mama utenge kabla ya chumvi". Lipa palepale. Saa sita kasoro mnarudi, benchi bado lina nafasi, mama anakaa na kunyoosha miguu. Ikifika saa saba pamejaa, watu wanakula wamesimama na sahani mkononi. Mimi juzi ugali, mchicha na samaki wa kuchoma nilitoa 4,000. Maharage na nyama ya mchuzi mama asile, hivyo hupikwa na chumvi tangu mwanzo.

Utamjuaje mama lishe wa kumwamini? Angalia wanaokula. Wakiwa ni wabeba mizigo na mafundi, kaa. Jina lenyewe la Kariakoo limetoka kwenye Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi hapa, na mpaka leo anayejua penye chakula cha haki ni mbeba mizigo. Anakula kila siku mahali pamoja. Siku akilishwa kiporo kilichochacha, kesho harudi, na haendi peke yake, anaondoka na wenzake wote wa mkokoteni. Angalia pia maji. Penye ndoo ya koki ya kunawia na beseni la kuoshea ambalo maji yake yanabadilishwa, kaa. Maji ya kunywa nunueni ya chupa iliyofungwa, na juisi ya miwa mnywe isiyo na barafu. Muuzaji hanung'uniki, anakamua na ndimu na kipande cha tangawizi mbele yako. Lakini miwa ni sukari tupu, mama anywe nusu glasi.

Huyo mama lishe wangu alikuwa na jiko karibu na soko kuu. Soko lilipoungua Julai 2021 nilikaa wiki nzima sijui alipo. Amehama mara tatu tangu siku hizo, sasa yuko uchochoroni nyuma ya maduka ya vifaa vya umeme. Ukifika Mkunguni ulizia mafundi wa barazani, tutakupeleka. Na soko lenyewe mwonyeshe mama hata kwa nje. Asimame ng'ambo ya barabara atazame lile paa la miavuli ya zege. Alilichora msanifu wetu, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Mimi nafurahi kila nikilitazama.

Jioni, mkishamaliza vitenge vyenu Barabara ya Uhuru, msikae katikati ya Mtaa wa Kongo, pale hata mwenye miguu mizima anasukumwa. Chukueni bajaji mpaka Mnazi Mmoja mkapumzike kwenye bustani penye mnara wa Mwenge. Au mkae Msimbazi, karibu na jengo la klabu ya Simba, utamsikia muuza kahawa akigonganisha vikombe. Ana birika lake juu ya makaa, kikombe kimoja 200, na kashata pembeni. Kahawa ni chungu na nzito, mama aonje tu, tangawizi ndiyo yake. Lakini mwache akae pale. Wazee wakibishana Simba na Yanga watampisha kiti na kumuuliza kwao wapi, na hapo ndipo ataiona Kariakoo uliyomsimulia.

Dada wa Upanga

Fundi amesema vizuri sana, nimesoma ya baba yake mara mbili. Binti Songea, wewe mwenyewe usiondoke bila kula kuku wa Mamboz, kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya. Wanachoma jioni, unakula nje kandokando ya barabara. Kuku wa ndimu au sekela, usianze na gajjar kama hujazoea pilipili. Kwa mama viungo vile havifai, wa kwako wakufungie, ule gesti yeye akishalala.

Mtoto wa Gerezani

Nimekubali kuhusu supu. Ila pweza jioni dada aonje yeye, mama hapana, wanamchemsha na chumvi.

Binti Songea

Wakuu, tuko kwenye basi, tumepita Chalinze, mama amelala na mfuko wa magimbi mapajani.

Fundi, tulifika kwako Jumanne tukaambiwa umekwenda kwenye msiba, mwenzako akatupeleka. Yule mama lishe nilipomtajia kisufuria aliinama akawa anachochea moto muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akamuuliza mama, "Unakula matembele?" Mama akamjibu, "Nayalima." Basi. Jumatano nilirudi na robota la vitenge kichwani nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda ndani ya uchochoro, khanga kiunoni, anachambua mchicha wa watu. Kwenda gesti alikataa mpaka saa nane ilipopita na sufuria zimeoshwa. Kahawa ya Msimbazi alikunywa vikombe viwili, sikuweza kumzuia, na kati ya Simba na Yanga sasa ana timu. Presha tulipima kituo cha afya leo asubuhi, iko palepale tulipotoka nayo nyumbani.

Kuku sikufika, dada wa Upanga, nimekuwekea deni.

Swali moja limebaki. Mama ameagiza nikija Juni nimletee yule mama lishe debe la maharage ya Mbinga. Mzigo wa basi kutoka Songea siku hizi naweza kuushushia mjini, au lazima stendi ya Mbezi na kutafuta kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo?